Chembe Zinazotembea Ndani ya Kinywele cha Boga

Jumatatu, 7 Mei 1956

Leo Masera Joséphine-Marie, mtawa anayetufundisha, amefungua tena lile sanduku la mbao. Mikroskopi! Moja tu kwa shule nzima, na sisi wasichana tuko kumi na tisa. Tunapanga mstari mbele ya dirisha. Kila mmoja anaangalia kwa muda wa Salamu Maria mbili — Masera mwenyewe anazisali kwa sauti — kisha anampisha mwingine.

Kanuni yake ni ileile tangu Septemba. Bandua ngozi ya kitunguu. Weka juu ya kioo. Tone la iodi. Funika. Angalia. Chora. Ukisahau iodi unapigwa rula kwenye vidole. Bila iodi, anasema, seli ni kama maji matupu, huoni kitu.

Nimeona vyumba vya kitunguu vimepangana kama matofali, kila kimoja na kiini chake cha kahawia. Salamu Maria mbili zimekwisha upesi mno.

Halafu habari. Jumanne tarehe 12 Juni atakuja Munganga, yule daktari wa hospitali ya upande wa Mweso. Anatafuta msichana mmoja — mmoja! — wa kujifunza kazi ya laboratwari. Kuangalia damu, choo, makohozi, na kuandika anachokiona. Masera amechagua watatu wa kujaribiwa mbele yake, mimi nikiwamo; wengine wote watakuwa wafundishaji. Mimi nikishindwa, mahali pangu pameshaandikwa: shule mpya ya Walikale, darasa la kwanza, watoto sitini.

Watoto sitini. Mwezi wa tatu nilipojaribiwa kufundisha, sauti ilikwama kooni. Mtoto wa benchi ya mbele akaniuliza kama niko mgonjwa. Wenzake wakacheka. Nilifundisha herufi moja kwa kuiandika ubaoni tu, saa nzima, bila kutamka neno.

Mbele ya mikroskopi hakuna anayekutaka useme.

Jumatano, 9 Mei

Masera amepata gazeti kutoka kwa kaka yake aliye Ubelgiji. Mna picha ya seli moja ya ini la panya, iliyopigwa kwa mikroskopi mpya, kubwa kama kabati, isiyotumia mwanga wa jua wala wa taa. Tumelipitisha benchi kwa benchi. Nimelishika muda mrefu kuliko haki yangu.

Nilidhani seli ni kifuko cha maji chenye kiini katikati, basi. Sivyo! Ndani ya ule utando wa nje kuna tando nyingine, na nyingine tena, zimekunjwa, zimelaliana, sijui ni ngapi. Kuna vichembe vyenye umbo la haragwe vinavyoitwa mitokondria. Kila kimoja kina utando wake wa nje, na ndani yake utando wa pili uliokunjamana. Kuna pia rundo la vifuko bapa lenye jina la Mwitaliano aliyeliona kwanza. Masera anasema kwa zaidi ya miaka hamsini wataalamu wengine walisema rundo hilo halipo, ni uchafu wa dawa za rangi. Yule mzee amekufa bado wanabishana. Sasa picha inaonyesha kwamba lipo.

Mukankusi, rafiki yangu, ambaye hajawahi kunyamaza hata kanisani, akasema: "Lakini Masera, hii njo tumbo ya ng'ombe! Ile ya kurasa-kurasa!" Darasa zima likacheka. Ila ni kweli. Pasaka walipochinja, mimi na yeye tuliosha ile sehemu ya tumbo iliyo kama kitabu, ukurasa kwa ukurasa. Masera naye akacheka. Akasema utando ukikunjwa hivyo, kazi nyingi inaweza kufanyika mahali padogo.

Nimewaza jambo hilo wakati wote wa kushona. Uji wa asubuhi una utando juu ya maziwa, tunautoa kwa kijiko na kuutupa. Kumbe huenda uhai wote unafanyikia juu ya vitu vyembamba namna hiyo.

Jambo moja linanisumbua. Yule panya aliuawa. Ini lake likakatwa vipande vyembamba ajabu, likakaushwa. Basi picha ile ni ya nyumba ambayo watu wake wametoka. Sijathubutu kusema.

Jumamosi, 12 Mei

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi zamu ya jikoni, mimi na Mukankusi. Mama Léontine, mpishi wetu, alituwekea lundo la majani ya maboga tumenye vikonyo. Unavunja ncha, unavuta ngozi mpaka chini, na ile ngozi yenye vinywele unaitupa, kwa sababu inakwaruza koo. Nilikuwa nimeinua ngozi moja kwenye mwanga wa mlango. Vinywele vilikuwa vyeupe, vinapitisha mwanga kama kioo. Mama Léontine akapiga makofi: "We Emérence! Unatafuta nini mu ngozi ya boga? Bwana wa kukuoa?"

Nikaificha mfukoni.

Mchana ilikuwa zamu yangu ya kupangusa mikroskopi. Nilikuwa peke yangu darasani, jua limeingia dirishani. Nikasema nitaangalia kinywele kimoja tu. Chupa ya iodi haikuwapo — ilikuwa imepelekwa dispensari kujazwa. Nikaweka tone la maji.

Kinywele ni safu ya seli ndefu, moja juu ya nyingine. Kila seli ni angavu kabisa. Na ndani yake —

Zinatembea!

Ndani ya seli kuna nyuzi nyembamba, zinatoka kwenye kiini zikienda kila upande, na juu ya nyuzi hizo zinatembea chembe ndogondogo. Hazitetemi tu mahali pamoja. Zinakwenda. Zingine zinapanda, zingine zinashuka, juu ya uzi mmoja, kama watu wa sokoni kwenye kijia cha mgongo wa mlima, wanapishana na hakuna anayeanguka. Moja ilisimama kidogo palipo na njia panda, ikageuka. Nimeona kwa macho yangu.

Sikuhesabu Salamu Maria. Jua ndilo lililoondoka kwanza.

Nimechora. Nimeweka mishale.

Jumapili, 13 Mei

Wakati wa misa niliangalia mgongo wa mkono wangu. Nami nina vinywele. Je, huku ndani pia?

Nimemwambia Mukankusi. Akasema, "Miye najua kule ndani yangu kunatembea njaa tu."

Kesho nitamwonyesha Masera. Nimejifunza sentensi kwa moyo: Masera, nimeona kitu, naomba uangalie.

Jumatatu, 14 Mei

Nimeitamka sentensi yote. Masera alifurahi, kweli alifurahi, alinishika bega. Nikaweka kinywele juu ya kioo. Akaona maji hayana rangi, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye chupa, kama unavyokwenda kwenye paji la uso anapofanya ishara ya msalaba. Tone la iodi. Funika. Akaangalia.

Nilingoja. Akanipisha niangalie.

Hakuna. Kila kitu kahawia. Nyuzi zimekatika, chembe zimelundikana pembeni kama takataka baada ya mvua. Hakuna kinachotembea.

Akauliza: Mishale hii ni nini? Nikasema zilikuwa zinatembea. Akaangalia tena, kwa uvumilivu, lazima niseme hivyo. Kisha akachukua kalamu nyekundu na kuandika chini ya mchoro wangu: *Ndoto.*

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema Munganga hahitaji mtu anayeona vitu ambavyo havipo. Mtu wa namna hiyo ataona mdudu mahali ambapo hakuna mdudu, na mgonjwa atakunywa dawa ya ugonjwa asio nao. Ao hataona mdudu aliyepo, na mgonjwa atakufa. Amenitoa kwenye kundi la watakaojaribiwa mbele ya Munganga. Mahali pangu anaingia mwingine.

Dorothée alikuwa mlangoni. Yeye ndiye wa kwanza darasani na mtunza ufunguo wa kabati la mikroskopi, anachora kwa kalamu iliyochongwa kama sindano. "Emérence anaota na macho wazi," akawaambia wengine, na jioni yote bwenini walikuwa wananiuliza leo boga limekwenda wapi, limefika Goma ao bado.

Alhamisi, 17 Mei

Hakuna cha kuandika.

Pengine ilikuwa kope ya jicho langu. Nimejaribu: nimeangalia anga kwa jicho moja. Kweli kuna vitu vinaelea. Lakini vinafuata jicho. Zile hazikufuata jicho langu hata kidogo. Zilikuwa na shughuli zake.

Jumapili, 20 Mei. Pentekoste

Mama amekuja. Ametembea kutoka nyumbani tangu alfajiri, na kibuyu cha maziwa na maharage mapya. Tulikaa nyuma ya kanisa. Aliniangalia.

"Uko unakonda."

"Hapana, Mama."

"Na ile Walikale, wanasema iko pori tupu. Maziwa utatoa wapi kule? Na weye kusema hausemi. Watoto watakukanyaga."

Nikamweleza habari ya boga. Yote. Hajawahi kusoma, lakini alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua viganja vyake na kuviangalia. Amemenya vikonyo hivyo maisha yake yote.

"Vile vinywele? Vinaniwasha mikono kila siku. Na mule ndani kuna vitu vinaenda sokoni?" Akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaacha kucheka. "Uliviona?"

"Niliviona."

"Basi kwa nini unalia?"

Nikajifuta macho kwa ncha ya kitenge chake.

Jumanne, 22 Mei

Mukankusi amejikata kidole jikoni. Damu nyingi, na kelele zaidi ya damu. Nilimpeleka dispensari. Masera akachukua ile chupa ya kahawia na kumwaga iodi juu ya kidonda. Mukankusi aliruka! "Masera, unaniua!" Masera akajibu bila kuinua kichwa: "Siui wewe. Naua vidudu. Iodi inaua kila kilicho hai humo ndani."

Inaua kila kilicho hai.

Nilisimama pale nimeshika bakuli. Masera akaniambia mara mbili niliweke chini.

Siku ya kwanza hapakuwa na iodi! Ilikuwa hukuhuku dispensari, inajazwa. Siku ya pili ilikuwapo. Tangu Septemba tunaua kwanza halafu tunaangalia, na tunaandika kwenye kaye, daftari zetu: seli ya kitunguu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona seli iliyo hai. Hata Masera, labda. Hata yule wa gazeti, na mikroskopi yake kubwa kama kabati.

Ni lazima nijaribu. Kinywele kimoja kwa maji, kingine kwa iodi. Lakini kabati limefungwa, na ufunguo uko kwa Dorothée.

Ijumaa, 25 Mei

Nilimwomba Dorothée. Ilinichukua siku mbili kupata ujasiri, na jana nilimwomba nikiwa naangalia viatu vyake.

Nilidhani atacheka. Akauangalia ufunguo mkononi. Kisha: "Asubuhi, kabla ya kengele ya misa. Na kama Masera anatukuta, miye sikukujua."

Basi leo, ukungu ukiwa bado umelala hata juu ya ngazi za darasa, alifungua. Mwanga mdogo. Nikaweka kinywele, tone la maji. Nikaangalia. Hakuna! Angavu, safi, na kimya kabisa. Nilihisi baridi mpaka tumboni. Dorothée mlangoni: "Uko unaona?" Nikasogeza kioo. "Emérence, uko unaona ao hauone?"

Baridi. Ndiyo — baridi! Siku ile jua lilikuwa limejaa darasani, na ngozi ya kikonyo ilikuwa imekaa mfukoni mwangu tangu asubuhi. Nikachukua kioo, nikakifunika kati ya viganja, nikapuliza pumzi kama mtu anayepasha mtoto vidole. Nikakirudisha. Nikangoja. Chembe moja ikajivuta. Ikasimama. Nyingine. Halafu uzi mzima ukaamka.

"Njoo," nikamwambia. Nadhani ni mara ya kwanza nimemwamuru mtu.

Dorothée aliinama. Mwanzoni alisema haoni. Kisha nikaona mgongo wake umeacha kupumua. Kengele ikalia na hakuisikia.

Nikaweka tone la iodi pembeni ya kifuniko, likaingia polepole. Yeye ndiye aliyekuwa anaangalia. Akasema, kwa sauti ndogo: "Zinasimama... Zote zimesimama." Akainua uso. "Tumeziua."

Tulirudisha kila kitu. Njiani alinishika mkono wa nguo. "Usimwambie Masera nilikufungulia. Ataninyang'anya ufunguo, na Munganga anakuja. Tafazali, dada."

Nikaahidi. Sasa tuko wawili tunaojua, na mmoja hawezi kusema kwa sababu ya ahadi, na mwingine hawezi kwa sababu ya Munganga.

Jumamosi, 2 Juni

Nimewaza. Picha ya gazeti na kinywele changu havipingani. Ile inaonyesha kuta, mikunjo, vyumba ndani ya vyumba, vyote wazi na vimekufa. Yangu inaonyesha safari, na siwezi kuona kuta. Pengine chembe zangu zingine ni zile mitokondria, na kila moja inatembea ikiwa imebeba ndani yake mikunjo yake yote. Sijui. Hakuna kitabu hapa kinachosema.

Dorothée ananikwepa. Jana mtu alianza tena ule utani wa boga lililofika Goma. Dorothée akamwambia anyamaze. Wote walishangaa.

Jumatatu, 11 Juni

Kesho. Masera amesoma majina: Dorothée na wengine wawili watatayarisha kitunguu mbele ya Munganga. Mimi nitaosha vioo kwenye beseni, nyuma.

Jioni nilikwenda bustanini kwa Mama Léontine kuomba kikonyo kimoja cha boga, kichanga. Hakuuliza. Alinichagulia chenye vinywele virefu.

Jumanne, 12 Juni

Ninaandika kwenye benchi, nje ya mlango wa ofisi. Dorothée ameketi upande ule mwingine wa benchi. Hakuna aliyetuita bado.

Munganga ni mrefu, mchovu, buti zake zina matope ya njia ya Mweso. Aliangalia kitunguu cha kwanza. Kitunguu cha pili. Cha Dorothée kilikuwa kizuri kuliko vyote na mchoro wake haukuwa na kosa. Akasema vizuri, vizuri, akatoa saa yake mfukoni. Kisha akaniona mimi na beseni langu.

"Na huyu?"

"Huyu anaosha vioo," Masera akasema.

"Ameshawahi kuangalia?"

Kikonyo kilikuwa ndani ya blauzi yangu, juu ya tumbo, tangu asubuhi. Kinywele kilikuwa tayari juu ya kioo kimoja kando ya beseni, katika maji. Nilikwenda tu na kukiweka chini ya mikroskopi.

Masera aliona maji hayana rangi. Mkono wake ukaenda kwenye chupa.

Nikaweka mkono wangu juu ya kioo. Tone likaanguka juu ya mgongo wa mkono. Bado liko hapa, alama ya kahawia, ninaiangalia ninapoandika.

"Hapana, Masera," nikasema. "Iodi inaziua."

Sauti ilikuwa kubwa! Sijui ilitoka wapi. Darasa zima likageuka. Hata Mukankusi alinyamaza.

Munganga akainama. Akaangalia. "Sioni kitu. Maji tu."

Na mimi sauti ikaisha. Nilijua maneno yote: kinywele kikishabanduliwa kinashtuka, lazima kingoje, na darasa ni baridi leo. Yalikuwa yamekaa kooni yote, kama mwezi wa tatu. Nikaona Masera amefumba macho. Kwa aibu yangu, nadhani.

"Ngoja kidogo, Munganga." Alikuwa Dorothée. Amesimama, ameshika meza. "Zinakawia kuanza. Ni baridi. Uweke mkono karibu na kioo."

Masera akafumbua macho. "Wewe umejuaje?"

"Nilifungua kabati, Masera. Asubuhi moja, kabla ya misa. Niliziona. Emérence hakuota."

Munganga hakuwa ameinua kichwa. Aliweka kiganja chake karibu na kioo, kama alivyoambiwa. Mimi, kwa mazoea, nikaanza kuhesabu. Salamu Maria ya kwanza. Ya nne. Ya saba. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Kwenye ya tisa mkono mwingine wa Munganga, uliokuwa juu ya meza, ukainuka taratibu, hivi, kama wa mtu anayewaomba watu wasitembee karibu na ndege. Nikafika kumi na nne.

Akauliza, jicho likiwa bado palepale: "Zinakwenda wapi?"

Watu wote waliningoja mimi.

"Sijui," nikasema. "Zingine zinarudi."

Akacheka pumzi moja. Masera hakucheka. Akauliza kama anaweza kuangalia na yeye. Aliuliza! Hakuna aliyesali Salamu Maria. Alipoinuka alikuwa na duara jekundu kuzunguka jicho, na aliiangalia chupa ya iodi iliyokuwa mkononi mwake, akaiweka chini mbali, mwisho wa meza. Kisha akatutoa nje sisi wawili, mimi na Dorothée, na wao wakafunga mlango wa ofisi.

Ninasikia vipande. Masera: ufunguo, bila ruhusa, wote wawili. Munganga: mmoja tu, nina nafasi ya mmoja tu. Halafu Walikale. Sijasikia jina lililotajwa kabla ya Walikale.

Dorothée anaangalia mikono yake. Nimemwambia asante. Akasema, "Nyamaza, dada," lakini si kwa ubaya. Amesogea karibu kidogo kwenye benchi.

Mlango wa darasa uko wazi. Kutoka hapa naiona mikroskopi dirishani. Jua limetoka sasa, linapiga sawasawa juu ya kioo. Hakuna aliyekiondoa. Lile tone la maji lilikuwa dogo, na limekaa pale zaidi ya nusu saa. Maji yanakauka. Yakikauka, zitasimama, na hawa waliomo ofisini wanaweza kutaka kuangalia tena.

Tumeambiwa tusiondoke kwenye benchi mpaka tuitwe.

Dorothée naye ameona. "Emérence," anasema. "Maji."

Ninakwenda kuongeza tone.